Afya ya Mfungwa ni Amana



Katika mitaa yetu ya Pwani, mtu anayekwenda hospitali kumtazama mgonjwa huaga majirani. Huulizwa mgonjwa yu wadi gani, akapewa salamu na machungwa mawili matatu ya kumpelekea. Anayekwenda gerezani haagi. Hutoka asubuhi na mapema kabla baraza hazijajaa watu, na akiulizwa aendako hujibu kwamba anakwenda mjini. Haya yetu ina sababu, kwa kuwa jina la ukoo ni kitu cha kuhifadhiwa. Hata hivyo, haya hiyo imetufanya tusijue yanayowapata watoto wetu nyuma ya kuta zile, na maradhi yasiyotajwa hayatafutiwi dawa.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo mpwa wangu, mwana wa dada yangu. Yeye na mamake wameniruhusu niyaandike haya, madhali majina yao yasitirike. Gereza pia sitalitaja, kwani hali nitakayoieleza haikuanza hapo wala haikuishia hapo.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 23, kibarua wa kupakua mizigo katika ghala. Zilipopotea katoni kadhaa za bidhaa, yeye na wenzake wawili walishtakiwa kwa wizi. Alikana shtaka. Hakimu alimpa dhamana: alete mdhamini mwenye mali ya thamani ya shilingi 200,000, au aweke taslimu shilingi 80,000. Wenye uwezo wataona kwamba masharti hayo si makali. Dada yangu huuza viazi karai na bajia jioni. Shilingi 80,000 hajapata kuzishika kwa pamoja tangu azaliwe. Nyumba anayo, aliyoachiwa na marehemu mumewe, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine. Wakaazi wa Mombasa hawahitaji kuelezwa maana ya nyumba bila ardhi. Ukuta ni wako na paa ni lako, lakini hatimiliki si yako. Na mdhamini anapofika mahakamani, kinachoulizwa ni hatimiliki. Basi kijana akapelekwa rumande, akakaa huko miezi saba.

Adhabu ya kaburi aijua maiti, wamesema wahenga, nami sidai kuijua seli ile kuliko aliyelala ndani yake. Alitusimulia kwamba chumba walichokuwamo kingewatosha watu ishirini, nao walikuwa zaidi ya sitini. Walilala ubavu, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Mmoja akitaka kugeuka, safu nzima hugeuka. Mlango ulifungwa alasiri, ukafunguliwa asubuhi. Hewa iliingia kwa vijidirisha viwili vilivyo juu karibu na dari, na ilikuwa ni majira ya kaskazi, ambapo hata sisi tuliolala majumbani tulikuwa tukitafuta upepo barazani. Haja ilikidhiwa kwa ndoo. Maji ya kutawadha yalikuwa ya kugawana, na aliyekosa alitayamamu.

Kijana huyu ana pumu tangu utotoni. Siku ya kwanza dada yangu alipokwenda kumwona, alichukua dawa yake ya kuvuta. Langoni aliambiwa kwamba dawa haipokewi mpaka ipite zahanati ya gereza na iandikwe na mtaalamu. Kanuni hiyo ina maana yake, kwani si kila kinachoitwa dawa ni dawa. Lakini zahanati ilikuwa na mhudumu mmoja aliyewahudumia mamia ya watu, na siku hiyo hakuwapo. Dawa ililala langoni majuma matatu. Aliyeikwamua ni askari mmoja mtu mzima aliyeibeba kwa mkono wake mwenyewe, akasimama mbele ya mhudumu mpaka ikaandikwa. Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Katika safu yao alilala mzee mmoja aliyekohoa usiku kucha kwa zaidi ya miezi miwili. Alikuwa ameandikiwa kwenda hospitali ya nje kupimwa. Lakini mfungwa haendi hospitali kama tuendavyo sisi. Lazima lipatikane gari, mafuta ya gari, na askari wa kumsindikiza na kumlinda huko. Kimoja kikikosekana, siku ya miadi hupita, nayo miadi mpya hutolewa baada ya majuma. Mzee yule alikosa miadi mara mbili. Huku nyuma aliendelea kulala pale pale, na hewa yake ndiyo hewa ya wenziwe sitini.

Mwezi wa saba kesi ilifutwa. Mlalamikaji aliacha kufika mahakamani, na mashahidi hawakuonekana. Kijana hakupatikana na hatia yoyote. Tulimpokea kwa dua na pilau, dada yangu akilia kwa furaha. Baada ya majuma machache akaanza kutokwa na jasho usiku hata shuka kulowa, akakonda, akakohoa. Makohozi yalipopimwa, ulionekana ugonjwa wa kifua kikuu. Ndani ya nyumba ile ya vyumba viwili mlikuwa na nyanya yake mwenye kisukari na mtoto mchanga wa dadake. Mtoto alianzishiwa dawa za kinga, nyanya akapigwa picha ya kifua, na kijana akameza dawa kwa miezi sita bila ya kukosa siku moja. Amepona, alhamdulillahi. Lakini nimejiuliza mara nyingi: mtu ambaye mahakama haikumwona na kosa, adhabu hii alihukumiwa na nani?

Kifua kikuu hakihitaji uchawi wala laana ili kienee. Vijidudu vyake husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya, hata anapozungumza, na hukaa katika hewa isiyotembea. Palipo na watu wengi, madirisha madogo na chakula dhaifu, hapo ndipo kinapostawi. Ndiyo maana duniani kote kiwango chake magerezani huwa juu mara kadhaa kuliko uraiani. Nelson Mandela mwenyewe aligunduliwa kuwa nacho mwaka 1988 akiwa mfungwa nchini Afrika Kusini. Kikigunduliwa mapema, hutibika. Kisipogunduliwa, au mgonjwa akihamishwa gereza au akaachiliwa huru katikati ya tiba bila ya kufuatiliwa, huweza kurudi na usugu, na hapo tiba huwa ndefu na nzito zaidi.

Tumeshawahi nchini mwetu kuligeuza gereza kuwa dawa ya ugonjwa huu. Mwaka 2010, wagonjwa wa kifua kikuu walipelekwa gereza la Kapsabet kwa amri ya mahakama kwa sababu waliacha kumeza dawa. Maana yake ni kwamba mtu mwenye maradhi ya kuambukiza kwa hewa aliwekwa mahali penye watu wengi na hewa kidogo, kwa jina la kulinda afya ya umma. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba jambo hilo lilikwenda kinyume cha Katiba. Uamuzi huo wafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kilio cha wafungwa ni kilio cha kudeka.

Tuitazame sasa hesabu ya jumla. Magereza ya Kenya, zaidi ya 100 kwa idadi, yamejengwa kwa ajili ya watu wasiofika 35,000. Kwa miaka mingi yamekuwa yakibeba zaidi ya 50,000. Katika hao, zaidi ya thuluthi moja ni mahabusu, watu ambao kesi zao hazijakatwa na ambao sheria inawahesabu kuwa hawana hatia. Wengine wamefungwa kwa makosa madogo, kwa kushindwa kulipa faini ambayo mwenye duka angeitoa mfukoni bila ya kuihesabu mara mbili. Kwa hivyo msongamano tunaouona hautokani na wingi wa majambazi peke yake. Sehemu yake kubwa inatokana na umaskini: hatimiliki isiyokuwapo, faini isiyolipika, na kesi inayoahirishwa mwezi baada ya mwezi.

Zahanati za gereza nazo zimekaa baina ya serikali mbili. Tangu mwaka 2013, sehemu kubwa ya huduma za afya imo mikononi mwa kaunti, ilhali magereza ni ya serikali ya kitaifa. Mfungwa anapougua, aliye na ufunguo wa lango ni mmoja na aliye na ufunguo wa duka la dawa ni mwingine. Wakishauriana, mgonjwa hupona. Kila mmoja akimtegea mwenzake, mgonjwa hubaki sakafuni. Wala tusiwasahau askari magereza. Wao huvuta hewa ile ile, kisha jioni hurudi kwa wake na watoto wao katika nyumba za kambi. Anayeona kwamba msongamano ni shauri la wafungwa peke yao na ahesabu ni watu wangapi huingia na kutoka katika lango lile kila siku.

Sheria yetu haikuyanyamazia haya. Kifungu cha 51 cha Katiba kinamhakikishia aliyefungwa haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezi kabisa kuambatana na kufungwa. Kupumua na kutibiwa haviwezi kuwa miongoni mwa hizo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, apewe dhamana kwa masharti ya kiasi ila pawepo sababu nzito ya kumnyima, na asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Tangu mwaka 1998 tunayo sheria inayomruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi ya kuitumikia jamii, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, badala ya kumpeleka jela. Tena mwaka 2020, maradhi ya Corona yalipoingia, mahakama zilipitia upya vifungo vya maelfu ya wafungwa wa makosa madogo, wakaachiliwa katika muda wa majuma machache. Nchi haikuanguka kwa hilo. Tukajua kwamba ikiwapo nia, njia hupatikana.

Kwetu sisi Waislamu, jambo hili lilikuwa na hukumu yake kabla ya Katiba yoyote kuandikwa. Katika Suratul Insan, mfungwa ametajwa pamoja na maskini na yatima miongoni mwa wanaolishwa na watu wema. Na wafasiri wengi wameeleza kwamba mateka wa zama hizo hakuwa Muislamu. Mtume (S.A.W.) alitusimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa lake ni kwamba alimfungia, kisha hakumpa chakula, wala hakumwachilia akajitafutie mwenyewe. Wanazuoni wetu wametufundisha mengi kutokana na hadithi hiyo, na mimi nimeelewa moja: ukimfunga kiumbe, umemwondolea uwezo wa kujisaidia, na tangu hapo uhai wake ni amana juu yako. Ikiwa hivyo ndivyo kwa paka, itakuwaje kwa mwanadamu?

Watangulizi wetu walilielewa hilo. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alipomwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu chake juu ya kodi na uongozi, alimshauri kwamba wafungwa wapewe posho ya chakula na nguo za baridi na za joto, wasitolewe na minyororo kwenda kuomba mitaani, na kesi zao zipitiwe upesi ili jela zipungue watu. Mwanzoni mwa karne ya 10, Waziri Ali bin Isa wa Baghdad alimwandikia tabibu mkuu, Sinan bin Thabit, akimkumbusha kwamba wafungwa kwa wingi wao na ugumu wa makaazi yao hawawezi kuepukana na maradhi, nao hawana njia ya kumfikia tabibu. Akamwamuru awateulie matabibu wa kuingia jela kila siku, wakiwa na dawa na vinywaji vya wagonjwa. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na barua hiyo ingeweza kuandikwa leo, kwa anwani ya Pwani hii.

Najua wako watakaosema: na aliyeibiwa je? Aliyevamiwa usiku akakatwa panga, nani anamlilia? Swali hilo ni la haki, na anayelidharau hajawahi kuvunjiwa mlango. Uislamu haukufuta adhabu, wala mimi siombi wahalifu waachwe huru. Ninachosema ni kwamba adhabu ina mpaka, na mpaka huo huwekwa na hakimu. Hakimu aliyetoa kifungo cha miaka miwili hakutoa kifua kikuu, wala upele, wala kufa kwa kukosa sindano ya kisukari. Kinachozidi hukumu ni dhulma, hata kama anayedhulumiwa ni mwizi. Aliyeibiwa naye hapati faida yoyote mkosaji akirudi mtaani na makohozi yenye vijidudu. Huenda akakaa kando yake ndani ya matatu.

Je, sisi tufanye nini? Nitataja machache ambayo familia yetu ilijifunza, nayo yamo katika uwezo wa nyumba nyingi.

La kwanza, mtoto akikamatwa na ana maradhi, yatajwe siku ile ile. Mwambieni afisa wa kituo, kisha mwambieni hakimu mbele ya mahakama. Pelekeni kadi ya kliniki na barua ya daktari, na muombe hakimu aamuru atibiwe. Neno lililoandikwa katika kumbukumbu za mahakama hufungua lango ambalo machozi ya mama hayalifungui. Kwa dawa za kila siku, kama za pumu, presha, kisukari au kifafa, ulizeni mapema utaratibu wa gereza wa kuzipokea, msingojee siku ya kuzipeleka.

La pili, masharti ya dhamana si msumari uliogongwa ukutani. Mshtakiwa aweza kumwomba hakimu ayapunguze, na Mahakama Kuu ina uwezo wa kuamuru yapunguzwe. Iko pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 kwa wasioweza kulipa wakili. Kijana wetu alikaa miezi saba. Wengi hukaa miaka, na pengine hawakupata kuambiwa kwamba wana haki ya kuomba.

La tatu ni letu sote kama jamaa wa msikiti. Kila mwaka, inapokaribia Ramadhani, twakusanya fedha za futari, zulia na kupaka rangi kuta. Ni mambo mema. Lakini faini ya shilingi 10,000 inayomrudisha baba mmoja nyumbani kwa watoto wake ni sadaka ambayo matunda yake huonekana siku hiyo hiyo, na huacha nafasi ya kulala kwa waliobaki nyuma. Mashekhe wetu watuongoze ni fungu gani lifaalo kwa kazi hiyo, zaka au sadaka. Kamati ya msikiti iteue watu wawili waaminifu, mmoja awe mwanamke, wawe wanafika mahakamani na kuzungumza na maafisa wa urekebishaji tabia, wapate kujua nani amefungwa kwa kukosa kiasi gani.

La nne, anayetoka gerezani, awe ametoka kwa hatia au bila hatia, apelekwe kupimwa kifua kabla ya kukaribishwa katika chumba chenye watoto na wazee. Katika vituo vya serikali tiba ya kifua kikuu haina malipo. Madirisha yafunguliwe. Akipatikana na maradhi, amalize dawa zake hata akijiona mzima. Wala asitengewe sahani kama mwenye laana. Majuma machache ya tiba iliyo sawa hupunguza sana uwezo wa kuambukiza, na neno zuri halina gharama.

Nabii Yusuf (A.S.) aliingia gerezani kwa tuhuma ya uongo, akakaa humo miaka. Alipoitwa na mfalme atoke, hakukimbilia mlangoni. Alitaka kwanza kesi yake iulizwe na ukweli ubainike. Hata Mtume wa Mwenyezi Mungu alihitaji mtu wa nje akumbuke kumtaja, na yule aliyeahidi kumtaja alisahau. Walio katika seli zetu leo wamo katika hali hiyo hiyo: wanangoja aliye nje awakumbuke.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa waliofungwa, awafariji mama zao, awape subira waliodhulumiwa na wahalifu, na awape uadilifu mahakimu, maafisa na askari waliokabidhiwa roho za watu. Amin.